Shuka Zisizokauka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Zimefika! Marobota ya shuka za upasuaji na magauni ya madaktari — ya kitambaa, ya kufua na kutumia tena. Zabuni hii imenila tangu Julai. Leo nimesimama stoo kuzipokea mpaka miguu ikafa ganzi.

Daktari Ntare, mkurugenzi wetu, alishuka mwenyewe kuziona. Akapapasa kitambaa kama mtu anayenunua suti. Akasema kuanzia sasa hospitali yetu imeachana na vitu vya kutumia mara moja na kutupa. Manunuzi ya kijani — ndiyo wimbo wa mwaka huu. Taa zinazokula umeme kidogo tumeshaweka. Vipimajoto vya zebaki tumeviondoa. Sasa shuka. Na kila kitu kinapita mezani kwangu, maana afisa ununuzi ni mimi, na msaidizi sina.

Wauzaji nao wanadhani kijani ni rangi tu. Mmoja kaniletea ndoo za plastiki za kijani, anaapa kwamba zinafuata sera! Nilicheka. Kisha nikachoka.

Nimerudi nyumbani Batsinda, nimemkuta Shimwa kwenye kochi, miguu imevimba kama mihogo. Mdogo wangu huyu. Mumewe Armel yuko njiani na lori, safari ya Dar. Mtoto ni mwezi ujao. Kaniuliza kama nimekula. Sikukumbuka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mkutano asubuhi. Mkutano mchana. Jioni mkutano wa kupanga mikutano. Sina la kuandika. Kichwa kinauma.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku njema, niiandike kabla haijapita.

Tanuri la kuchomea taka leo limewashwa kwa muda mfupi tu. Taka zimepungua — mapipa ya chumba cha upasuaji yanarudi nusu tupu. Mama mmoja jirani wa ukuta wa nyuma, aliyekuwa akija kutugombeza kila wiki kwa sababu ya moshi kwenye nguo za mtoto wake, kaja leo kusema asante. Asante! Kazini kwetu neno hilo hulisikii.

Ntare kaniita ofisini, kanipa chai. Yeye kakulia Uganda, chai yake ni maziwa matupu. Kasema wakaguzi wa mradi unaotufadhili wanakuja tarehe nne Novemba. Tukipata alama za juu katika manunuzi ya kijani, mradi unatujengea wodi mpya ya wazazi. Aliposema wodi, sauti ilibadilika. Sasa hivi akina mama wanalala wawili kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule, na vichanga katikati. Ntare anapita pale kila asubuhi. Namwamini. Hataki sifa, anataka vitanda.

Nikatoka nimenyooka mgongo. Miaka mingi nimenunua sindano na sabuni, sijawahi kuona nilichonunua kikimgusa mtu. Leo nimeona.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua tangu Ijumaa. Si mvua ya kupita — ile ya kukaa, ya kulala juu ya vilima na kusahau kuondoka.

Pudentienne kaja ofisini akiwa amevaa kofia ya upasuaji bado. Ndiye muuguzi mkuu wa uzazi. Kazaliwa na kukulia Bujumbura, na mimi Karagwe, kwa hiyo tukiwa wawili ni Kiswahili tu, cha kwake na cha kwangu. Tunakitumia hata koridoni ili wagonjwa wasielewe kila kitu. (Na mimi humu naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea. Kinyarwanda changu cha kuandika bado kinanitoa jasho.)

Kaweka paki ya shuka mezani kwangu. Paki inatoka kwenye mashine ya mvuke, imefungwa vizuri, ina alama kwamba imetakaswa.

"Gusa, ma chère," akasema; mpenzi wangu, kwa Kifaransa chake cha Bujumbura.

Nikagusa. Baridi. Ina unyevu.

"Iko maji ndani," akasema. "Na kitu iko na maji, wadudu inapita. Hii si safi. Inaonekana safi tu."

Kwa wafuaji hakuna jua. Shuka zinaanikwa kwenye veranda, hazikauki, zinafungwa hivyo hivyo maana wapasuaji wanasubiri. Mvuke unaongeza maji juu ya maji. Nikamuuliza hizi zimetumika? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama mvua inalowesha.

Mashine ya kukaushia ilikuwemo kwenye mpango wangu. Kamati iliikata Agosti. Inakula umeme mwingi, itatushusha alama. Jua la Kigali linatosha, tukasema. Tulisema hivyo Agosti! Vumbi lilikuwa hadi kwenye meno. Mikono yote ilinyooshwa, wangu pia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mtaro wa barabara ya chini, tope hadi magotini. Baadaye kwenye mkutano wa mtaa, Gahongayire — jirani yangu wa mlango wa tatu, mdomo wake haujui likizo — kaniuliza mbele ya watu. Eti kasikia hospitali yetu sasa ni ya kijani, mambo ya kisasa, na Shimwa bila shaka atajifungulia pale?

Nikasema ndiyo, kwani wapi kwingine?

Nilijibu haraka mno. Nimejisikia mwenyewe.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mimi si mtu wa wodini. Leo nimekwenda, kwa sababu Pudentienne alinishika mkono na hakuuachia.

Anaitwa Christella. Ni mzazi wa mara ya kwanza, anauza vitenge soko la Kimironko. Walimpasua wiki iliyopita, mtoto mzima, mama mzima, wakamruhusu. Karudi jana na homa. Kidonda kimefunguka. Harufu nimeisikia kabla sijafika kitandani. Mama mkwe wake kambeba mtoto pembeni, mtoto analia, mama hawezi hata kugeuka kumnyonyesha.

Akadhani mimi ni daktari. Akanishika kidole.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi nanunua vitu tu. Vitu vya hospitali."

"Basi ninunulie dawa ya kufunga hiki," akasema. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ananiomba.

Nje ya wodi Pudentienne kaniambia si peke yake. Kuna mwingine kitanda cha mwisho, na mwingine karudishwa kutoka kituo cha afya. Nikauliza, kwa matumaini ya kijinga, huenda ni kitu kingine? Mikono? Dawa? Akasema inawezekana, hospitali ina njia nyingi za kumuumiza mtu. Lakini kabla ya mvua na hizi shuka, alikuwa anapata mmoja kwa mwezi, na mwezi mwingine hakuna.

Sikula. Viazi vimepoa mezani. Shimwa kauliza nini. Nikasema uchovu. Si uongo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekwenda kwa Ntare. Nimemwambia yote. Nimemwomba vitu viwili: turudishe shuka za kutupa mpaka mvua iishe, na tununue mashine ya kukaushia kwa dharura.

Akasugua macho. Kumbe anajua. Kaniuliza kama naweza kuthibitisha ni shuka. Siwezi. Akasema wakaguzi wanakuja Jumanne. Wakikuta stoo imejaa maboksi ya vitu vya kutupa, wodi imekwenda. Imekwenda kwa wilaya nyingine, na akina mama wetu wataendelea kulala mzungu wa nne. Hao pia wanaambukizana, Kellen, hao huwahesabu?

Swali la haki. Ndilo linalonichosha. Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi.

"Siku tano tu," akasema. "Wakiondoka, nasaini yote unayotaka."

Nikatoka. Kwenye simu, ujumbe wa Shimwa. Alikuwa kliniki ya wajawazito, hapo hapo kwetu. Mtoto amelala kimshazari, hageuki. Atapasuliwa. Wamempangia Jumatano, tarehe tano.

Nimesoma ujumbe ule nimesimama kwenye ngazi. Watu wakinipita. Nikamtafuta Pudentienne, nikamwuliza: angekuwa mdogo wako?

Akasema, "Usiniulize hiyo. Mimi niko na wadogo wa watu wodi nzima."

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nimesema nakwenda benki. Nikaenda Remera, kwenye kliniki moja ya binafsi nyuma ya maduka. Sakafu inang'aa, watu wananong'ona. Nikajieleza kwamba nina mdogo wangu wa kupasuliwa. Meneja, kijana mpole anaitwa Sangwa, kanitembeza.

Katika chumba cha kuandalia vifaa nikasimama.

Kitambaa kile kile! Shuka zile zile. Hata upindo ni ule ule — muuzaji ni yule yule. Nikaomba kushika paki. Kavu. Kavu kabisa, inalia kama karatasi. Pembeni yake mashine ya kukaushia inazunguka taratibu, si kubwa hata. Nikamwuliza Sangwa wana wagonjwa wanaorudi na vidonda? Akasema tangu waanze shuka za kitambaa wamekuwa na nafuu kuliko zamani, na taka zimepungua.

Kwa hiyo kitambaa hakina kosa. Sera haina kosa. Tulinunua nusu ya kitu, tukajipigia makofi.

Nimemwandikisha Shimwa. Jumatano, saa tatu. Kwenye moto, pikipiki ya abiria, njia nzima ya kurudi, nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa inanichoma kifuani kama kiungulia.

Jumapili, 2 Novemba

Nimemwambia Shimwa baada ya misa. Nilidhani ataruka kwa furaha. Kliniki ya Remera! Chumba cha peke yake!

Akaniuliza kwa nini.

Nikazunguka. Nikasema foleni, nikasema kelele. Shimwa namlea tangu mama yetu afe, ananijua ninavyozunguka. Mwishowe nikamwambia: shuka, mvua, Christella. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo.

"Na Jumatano," akasema, "wanaopasuliwa pamoja na mimi ni wangapi?"

Nikasema sijui. Wachache.

"Wao wana dada wa kuwaandikisha Remera?"

"Shimwa, wao si mzigo wangu."

"Dada! Si wewe unayewanunulia?"

Akasema haendi. Nikapandisha sauti. Nikamwambia huu si wakati wa ushujaa, huyo mtoto si wa maandamano. Akasema si ushujaa, anaogopa kuliko mimi. Lakini kama shuka hazimfai yeye, na mimi najua, basi nikaseme. Nikishasema, nikimwambia tena aende Remera, ataenda hata kwa miguu.

Akaenda kuosha vyombo na miguu ile. Nikamnyang'anya sufuria. Tukaosha pamoja.

Armel kapiga simu akiwa Singida, mtandao unakatika. Sikumwambia kitu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Hospitali inapigwa rangi ukutani kwa ajili ya wageni. Rangi nayo haikauki.

Nimejaribu tena kwa Ntare. Mlangoni tu. Kasema, "Kellen, kesho. Kesho kutwa nasaini." Kanishika bega. Amekonda, huyu mtu.

Christella bado ana homa.

Jumanne, 4 Novemba

Naandika nikiwa nimevaa viatu bado.

Wakaguzi walikuwa watatu. Kiongozi wao mama mmoja mtu mzima, Iteka, miwani kwenye mnyororo, mpole wa kutisha. Walipita kila mahali. Taa — vizuri. Taka — vizuri sana. Tanuri halikuwa na moshi, wakapiga picha. Ntare alikuwa anatembea mbele kama bwana harusi.

Mkutano wa kufunga, ukumbi mdogo. Iteka kasema anaona alama nzuri. Kisha akageuka kwangu, kwa adabu tu, kwa kuwa mpango ni wangu: je, shuka za kitambaa zimeleta ugumu wowote?

Ntare alikuwa ananiangalia. Hakuwa na vitisho machoni. Alikuwa anaomba. Ningependa niandike kwamba niliwaza mambo makubwa. Niliwaza kidole changu kilichoshikwa na Christella, na jinsi nilivyochoka kubeba.

Nikasema, "Zimeleta. Hazikauki."

Nikaeleza. Nikasema kitambaa ni kizuri, nimekiona mahali pengine kikifanya kazi. Sisi tuliacha mashine ya kukaushia kwa sababu ya alama zenu, na kamati nzima tulikubali. Nikasema kuna akina mama wenye vidonda. Sijathibitisha. Lakini nimegusa paki.

Iteka kaomba aletewe paki moja. Pudentienne kaenda mwenyewe. Akaifungua pale mezani, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha wageni. Iteka kaweka kiganja. Akakitoa, akakiangalia, akakifuta kwenye sketi yake.

Hakusema kitu kuhusu alama. Alifunga begi lake.

Baada ya magari kuondoka Ntare alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Kasema nisije kesho, wala kesho kutwa, mpaka nitakapoitwa. Na kazi zangu nimwachie mhasibu. Kasema wodi ile aliiomba kwa miaka mingi. Kisha kasema, chini chini, "Ungeniambia kwanza mimi kwamba utasema."

Nilikwambia, nikasema. Mara mbili.

Akaenda.

Nimempigia Sangwa wa Remera nikiwa kituo cha basi. Si kwa ajili ya kitanda. Nimemwomba aniazime paki kavu, alizonazo, kwa ajili ya wanaopasuliwa kwetu kesho. Kasema nije asubuhi, ataangalia.

Shimwa kanifungulia mlango. Kaniangalia usoni, akasema, "Umesema." Nikamwambia sasa utakwenda Remera? Akacheka, akasema ndiyo, bwana, sasa nitakwenda. Nikakaa chini sakafuni.

Jumatano, 5 Novemba

Hospitalini kwetu. Benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Kalamu ya kuazima.

Hatukufika Remera. Chupa ilipasuka alfajiri, uchungu juu ya uchungu, na mtoto vile vile kimshazari. Dereva wa teksi hakuuliza — aliingia hapa kwa kuwa ni karibu. Pudentienne kampokea getini. Kasema hakuna wa kusafirishwa hali hii.

Nikamwacha. Nimemwacha mdogo wangu analia, nikapanda moto mpaka Remera kwenye mvua! Sangwa alikuwa keshaziweka tayari, kwenye mifuko miwili mikubwa. Si nyingi. Dereva wa moto kafunga mfuko mmoja mbele, mmoja mimi nimeukumbatia chini ya koti kama mtoto. Nililowa mimi. Zenyewe hazikulowa.

Njiani nilisahau wengine, nikadhani nimebeba za Shimwa. Pudentienne kazipokea, hakusema asante, akaanza kuwapanga. Mbele ya Shimwa kulikuwa na wawili, mmoja anatoka damu. Wakaingia wao. Sikufungua mdomo. Shimwa alikuwa amenishika mkono, anauma kola ya koti langu.

Sasa yuko ndani. Paki yake ni kavu, nimeigusa mwenyewe. Za kuazima zimebaki kidogo sana, na nje gari la wagonjwa limeingiza mwingine kutoka kituo cha afya. Nasikia magurudumu.

Armel hapatikani.

Ntare kaja. Nilidhani anakuja kunifukuza, nikasimama. Akasema, kaa. Akakaa na yeye, mwisho wa benchi, suruali imelowa hadi magoti. Anatoka wodini. Kasema Christella homa imeshuka kidogo. Kasema Iteka hajapiga simu, na hatapiga leo. Tukaangalia ukuta. Rangi mpya bado inabaki vidoleni ukiigusa.

Akauliza mashine ile inachukua muda gani kufika.

Nikasema wiki kadhaa, kwa njia ya dharura, ikisainiwa leo.

"Andika ombi."

Nikamwambia mimi siko kazini. Wewe ndiye uliyenisimamisha. Na ombi la ununuzi haliandikwi kwenye benchi, lina utaratibu wake, kamati, mihuri—

"Najua," akasema. "Kellen. Nimechoka. Andika tu, nisaini kabla sijapata muda wa kufikiri."

Ananyoosha mkono. Hana karatasi. Nami sina nyingine zaidi ya hii, na nusu ya chini bado ni nyeupe; nitaichana niandike ombi. Ndani kimya, sijasikia sauti ya mtoto bado. Mlango unasukumwa kutoka ndani, naona kofia ya Pudentienne — subiri, Daktari, subiri —